Kwenye Tamthilia Ile Hakuna Anayesalimia

Siku mliyoniaga pale stesheni ya ambulensi mlinipa keki, kadi yenye sahihi kumi na tisa, na sanduku la diski. Sahihi nilizihesabu mara mbili kwa sababu mlikuwa ishirini na mmoja, na wale wawili ambao hawakutia sahihi nawajua. Keki iliisha siku ile ile. Sanduku ndilo lililonitia taabuni. Ndani yake mna tamthilia nzima, mwanzo hadi mwisho, ya wale wahudumu wa ambulensi na zimamoto wa Marekani ya zamani, ile ambayo kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja niliwaambia kwamba ndiyo iliyonifundisha kazi. Mlidhani mnanifurahisha. Sasa nimeitazama upya, kipande baada ya kipande, daftari likiwa pajani, na inanibidi nikiri kwamba nilikuwa nawadanganya, tena baada ya kujidanganya mwenyewe kwanza.

Nawaandikia Kiswahili kwa makusudi. Pale stesheni mmebaki watatu mnaokisoma, na nikihesabu kwa haki ni wawili na nusu, kwa sababu yule wetu wa Nairobi husoma Kiswahili kama mtu anayetafuta kosa kwenye mkataba. Siku moja mtatumwa kwenye nyumba ambako mgonjwa anazungumza lugha yenu, na kila mtu garini atasema hiyo ni bahati. Mimi kwa bahati hiyo hiyo nilikaribia kumuua mama wa watu, huku nikiwa nimekaa vizuri, kikombe mkononi. Habari hiyo sikuwahi kuisimulia pale jikoni. Niliwasimulia zile nyingine, ambazo natoka vizuri.

Nianze nilikoanzia. Nilifika Sydney nikimfuata mke wangu, Mwanasha, ambaye ni muuguzi. Yeye aliitwa na kazi. Mimi niliitwa na yeye. Mombasa nilikuwa nauza mitumba sokoni Kongowea, na nilijiona mtu wa maana sana, kwa sababu hakuna shati nililoshindwa kumvisha mtu. Hapa nikawa mtu wa kukaa nyumbani Blacktown, katika fleti ya kupanga, nikisubiri barua ya kazi. Mchana, Mwanasha akiwa kazini, televisheni ilikuwa inarudia tamthilia za zamani, na ile ya zimamoto ilikuja saa sita na nusu, nikiwa nachemsha wali. Wahudumu wawili, gari jekundu, masanduku ya vifaa, redio. Kengele inalia, wanakimbia. Mtu amebanwa, wanamtoa. Baada ya dakika arobaini na tano kila mtu amepona na mtu mmoja anafanya mzaha. Kiingereza changu cha kwanza nilikipata hapo, na ndiyo sababu kwa miaka miwili ya mwanzo nilizungumza kama Mmarekani aliyekufa zamani.

Juzi tuliitazama pamoja, Mwanasha na mimi. Nyumba ilikuwa inaungua.

"Nywele zao hazijavurugika," akasema.

"Ndizo hizo zilizonifanya niombe kazi."

"Na wewe ulikuwa na nywele, Baba Rehema?"

Nilikuwa nazo. Aliendelea kumenya chungwa. Mtu wa kwanza alivunjika mguu, wakamtundikia dripu. Wa pili aliumwa na nyuki, dripu. Wa tatu alikwama kwenye bomba, na hata kabla hajatolewa akawa ameshatundikiwa dripu humo humo bombani. Mwanasha aliniuliza hiyo dripu ilikuwa na nini. Nikamwambia haijalishi, ilikuwa inapendeza kwenye kamera. Nimehesabu sehemu ishirini za kwanza, kisha nikarudia: dripu thelathini na nne, wala si salamu hata moja. Hilo la salamu zamani sikuliona. Nitalirudia, maana ndiko ninakoelekea.

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwa hata kwenye ambulensi ya dharura. Niliajiriwa kwenye magari ya kupeleka wagonjwa miadi yao: kusafishwa figo, kupigwa picha, kurudishwa nyumbani. Mwenzangu alikuwa Bev, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusikia kila kisingizio. Kazi ya kwanza ilikuwa mzee mmoja wa Cabramatta, wa kupelekwa kusafishwa figo. Gari liliposimama nilifungua mlango, nikabeba begi la vifaa, begi la oksijeni, na kitu kingine ambacho baadaye tuligundua ni begi la chakula la Bev, nikakimbia. Nilipita katikati ya watu waliotoka sokoni na mboga zao, nikapanda ngazi, nikafika mlangoni nikihema kama mbuzi aliyefukuzwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kibarazani, kofia kichwani, chupa ya chai miguuni. Alinitazama, akatazama saa, akaniuliza kama nahitaji kukaa.

Bev alifika dakika mbili baadaye, anatembea.

"Sal," akasema. Jina langu Salim lilikuwa refu mno kwake. "Umeona moto wapi?"

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na bado nalisimamia. Usikimbie. Anayekimbia hufika hana pumzi ya kuuliza swali, na hofu yake huingia chumbani kabla yake. Kwenye tamthilia wanakimbia kwa sababu tangazo la biashara linawasubiri.

Nilipohamia ambulensi za dharura, baada ya masomo ambayo sitawachosha nayo, Bev alikuwa amekwisha kuhamia huko, na tukawekwa pamoja tena. Sijui nani aliomba. Mimi niliomba mara mbili. Yeye ndiye aliyenifundisha kukagua gari asubuhi, na hapo ndipo mnaponijua, kwa sababu wengi wenu mmesubiri kwenye baridi huku mimi nikihesabu bandeji. Ndiyo, nilihesabu kila kitu mara mbili. Mtu aliyeuza mitumba anajua kwamba marobota hayahesabiki mara moja. Mara ya kwanza unahesabu unachotaka kukiona. Ile mashine ya moyo, kwa mfano. Tunaiita ya kumi na mbili, kwa mistari kumi na mbili inayoichora, lakini nyaya zake ni kumi. Wiki yangu ya kwanza niliandika ripoti kwamba mbili zimepotea. Bev aliibandika ripoti ile juu ya sinki, na ilikaa hapo mpaka ikawa ya manjano.

Kuhusu zimamoto, tamthilia ile imetuletea madhara makubwa. Inaonyesha wahudumu na zimamoto wakiishi nyumba moja, wakipika pamoja, wakikoseana na kusameheana. Hapa, kama mnavyojua, wao wana nyumba yao na sisi yetu, na uhusiano wetu ni wa majirani waliogawana ukuta. Tunawaita tunapohitaji mlango kukatwa au mtu mzito kubebwa. Wanafika wanne, wamelala vizuri, wanasema "mate", yaani rafiki, wananyanyua, wanaondoka. Miaka ya mwanzo niliwapenda mno, kwa ajili ya yale niliyoyaona saa sita na nusu mchana. Kwenye ghala moja huko Villawood, mkono wa mfanyakazi ulibanwa na mashine ya kufungia mizigo, nao wakaja wakaikata kwa ustadi wa fundi cherehani. Mkono ulipotoka salama nikamkumbatia kiongozi wao, kwa sababu kwenye tamthilia ndivyo ingekuwa. Alisimama wima kama nguzo ya simenti mpaka nikamaliza.

Lakini nilikuwa na kipaji kimoja cha kweli, na ndicho kilichoniponza. Nilijua kupatana. Watu hawapendi kwenda hospitali. Mzee anasema ataenda kesho, mama anasema anasubiri mkwewe, kijana wa ujenzi anasema ni mkwaruzo tu huku mfupa unamchungulia. Wenzangu walikuwa wanawasomea hatari. Mimi nilikuwa naweka bei. Twende, nitakurudishia funguo kwa jirani. Twende, paka nitamlisha mwenyewe. Kama hutaki kulala, kaa; kama hutaki machela, tembea mpaka mlangoni, halafu tutaona. Stesheni nzima ilijua: mgonjwa akikataa, mpelekeeni Sal. Na nilianza kufanya kosa la muuzaji mzuri, ambalo ni kuamini kwamba mkishikana mikono kila mtu amepata alichohitaji.

Wiki iliyopita nilifika kwenye kipande ambacho mama mmoja anakataa kuondoka nyumbani. Zamani nilikipenda sana. Kijana wa ambulensi anapiga magoti, anamwambia maneno mazito mawili matatu, mama analia, machela inaingia. Dakika nne. Niliisimamisha televisheni hapo, Mwanasha akauliza kulikoni, nikamwambia nataka maji. Kisha ndipo nikachukua kalamu kuwaandikia ninyi.

Ilikuwa Jumamosi, alasiri, Blacktown. Tulielezwa kwamba ni mama wa miaka sitini na mitatu, anajisikia vibaya, Kiingereza hana, anazungumza Kiswahili. Bev aliposikia hivyo aliegemea kiti chake.

"Lugha yako, mgonjwa wako," akasema. "Mimi leo ni karani."

Ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Mlango ulifunguliwa na binti yake, Neema, msichana wa chuo, macho makubwa, simu bado mkononi. Nyuma yake alisimama mama mwenyewe, Mama Furaha, mtu wa Uvira, Kongo, mwili mkubwa, kitenge cha Jumapili kimefungwa vizuri, kilemba kichwani. Amesimama. Hilo lilinipendeza. Mgonjwa anayesimama ni nusu ya kazi.

"Jambo, mama."

"Jambo sana, papa. Karibuni. Mwikale."

Tukakaa. Nikamuuliza habari ya leo. Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Usiku ulilalaje? Nililala muzuri, Mungu iko. Na yeye akaniuliza zangu, za mke, za watoto, za kazi, za kwetu Mombasa ambako hajafika lakini alikuwa na shemeji aliyepita huko. Nikajibu zote: nzuri, nzuri, nzuri. Ninyi mnajua inavyokuwa. Salamu zetu si swali, ni mlango, na mlango hujibiwa kwa kufunguliwa. Siku tuliyomzika baba yangu mtu alinisimamisha barabarani akaniuliza habari, nikamwambia nzuri, kisha ndipo nikamwambia tumefiwa.

Akaingia jikoni akatoka na sinia. Vikombe vitatu, maziwa, biskuti kwenye kisahani. Bev alipokea chake akakiweka sakafuni bila kukigusa, nami nikamwonea aibu kwa utovu huo wa adabu. Mimi nilikunywa. Niliomba na sukari.

Kwa nini walituita? Ah, huyu mtoto anaogopa bure. Ni mabega tu inachoka. Jana nilipika sombe mingi kwa ajili ya korali, nikabeba sufuria, basi. Ni gazi pia, iko hapa, juu ya tumbo. Itapita. Nikampima presha, ilikuwa juu kidogo, nikasema wageni hupandisha presha. Ikatokea kwamba na yeye alikuwa mtu wa soko. Aliuza vitenge Uvira miaka kumi na minane. Basi tena. Tukaulizana jinsi ya kumshika mnunuzi anayeondoka. Alicheka, mimi nikacheka, na katika kicheko hicho tukaanza kupatana kuhusu hospitali.

Mimi nilitaka leo. Yeye alitaka Jumatatu, kwa munganga wake, daktari anayemjua. Nikasema basi angalau leo jioni, jirani mwenye gari ampeleke. Akasema leo kuna korali, yaani kwaya ya kanisa. Nikasema kesho asubuhi. Akasema kesho baada ya kanisa. Nikakoroga chai, kama muuzaji anayesubiri bei iongezwe. Akaniongezea: kesho baada ya kanisa, na maumivu yakizidi kabla ya hapo Neema atapiga simu. Tukashikana mikono. Mkono wake ulikuwa umelowa, na mimi nikaona ni maji ya kuoshea vikombe. Nikamwambia Bev alete fomu ya kukataa kwenda.

Bev hakutoa fomu.

"Sal, mmezungumza dakika kumi na nne. Amesema nini kinamuuma?"

"Mabega. Uchovu. Hana shida."

"Umehesabu pumzi zake?"

Mnaona hapo. Mtu aliyehesabu bandeji mara mbili asubuhi ile, aliyehesabu betri za taa, aliyejua kwamba kwenye gari mna mikasi minne na mmoja butu. Sikuhesabu pumzi za Mama Furaha hata mara moja. Humkodolei mama wa watu macho kifuani anapokuamkia.

"Na yule binti ndiye aliyepiga simu," Bev akaendelea, kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia funguo. "Yeye amesema nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Mama yupo, nimuulize mtoto? Ingekuwa kama kumwambia mama kwamba neno lake halitoshi. Nikamgeukia Neema. Alikuwa amesimama pale mlangoni muda wote, mdomo umefungwa, kwa sababu na yeye alilelewa vizuri. Alikisikia Kiswahili chote tulichozungumza. Akanijibu kwa Kiingereza, haraka, bila kumtazama mama yake.

Mama alikuwa ametapika mara mbili tangu saa saba. Alikuwa amelala sakafuni bafuni, jasho jingi, ameshika kifua, anasema kuna mtu amemkalia. Neema alipomwambia ambulensi inakuja, mama aliinuka. Alipiga deki bafuni. Alioga. Alivaa kitenge. Alibandika chai, kwa sababu wageni wanakuja.

Nikakitazama kikombe changu. Chai iliyopikwa na mtu anayepigana na moyo wake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeomba sukari.

Bev alikwisha kupiga magoti. Alimgusa Mama Furaha mkononi, akanionyesha kwa kichwa niende dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile nikafanya jambo la maana, nikageuka. Neema akamsaidia kulegeza kitenge. Nyaya zote kumi zikakaa mahali pake. Karatasi ikatoka, Bev akaninyooshea bila neno. Mstari ulikuwa umevimba pale usipotakiwa kuvimba. Mshtuko wa moyo, mkubwa, na ulikuwa unaendelea tangu saa saba, pamoja na deki, na kuoga, na sinia. Bev akampa aspirini atafune. Aliitafuna kwa adabu, akashukuru.

Sasa msikilize hali ilivyokuwa. Mtu yule hakupaswa kupiga hatua nyingine. Kila hatua ilikuwa inakata kipande cha moyo. Ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, mwili mkubwa, goti bovu la Bev. Tukaita zimamoto waje kubeba. Na mgonjwa alikuwa amekataa kwenda, kwa akili timamu, kwa mkono wake na wangu. Kwa sheria, na kwa heshima, angeweza kubaki kwenye kiti kile mpaka afe.

"Mama," nikasema, "inabidi twende sasa hivi."

"Tumesikilizana, papa. Kesho."

"Kesho ni mbali. Mashine imeonyesha moyo."

"Mashine yenu iko inaogopesha watu." Alikuwa anatabasamu, jasho linashuka chini ya kilemba. "Wewe ni mutu wa soko. Mukono ukishapeanwa, ni mwisho."

Nikajaribu yote. Nikapandisha, nikashusha. Nikamwambia tutamrudisha kesho, na hilo lilikuwa uongo. Nikamwambia daktari wake atakuja huko huko, uongo wa pili. Alikuwa muuzaji bora kuliko mimi, tena alikuwa amekwisha kupata bei aliyoitaka. Zimamoto wakafika, wanne, viatu vikubwa, wakasimama ukumbini wakijaza mlango. Mama Furaha akawatazama, kisha akatazama dirishani. Chini, kwenye maegesho, korali ilikuwa imeanza kukusanyika, kina mama sita saba na sare zao.

"Wanibebe kama maiti, mbele ya watu wangu?" akasema. "Nitatembea kesho kwa miguu yangu."

Bev akaniambia kwa sauti ya chini kwamba presha inashuka. Sikuwa na bei nyingine. Nilikuwa nimepiga magoti, kama yule wa kwenye tamthilia, ila yeye alikuwa ameandikiwa la kusema. Mimi nilinyamaza. Nikawa naitazama mikono yake. Kucha zilikuwa zimeanza kuwa bluu.

Na yeye, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu mpaka ndani ya mifupa, akaona mgeni wake amenyamaza akamwonea huruma.

"Papa," akasema, "habari yako wewe? Umenyamaza."

Kinywa changu kilikwisha kufunguka kusema nzuri. Miaka hamsini kilikuwa kinasema nzuri.

"Mbaya, mama," nikasema. "Habari yangu mbaya. Naogopa. Nilikunywa chai yako nikakuacha unaumwa mbele yangu, na sasa naogopa utakufa, na sijui nifanye nini."

Neema alianza kulia. Zimamoto, ambao hawakuelewa neno, waliinamisha vichwa kama watu waliosikia sala. Mama Furaha alinitazama muda mrefu, naweza kusema alinipima, na niliona uso wake ukiachia, kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo alioombwa autue.

"Na mimi, papa," akasema. "Ni mubaya. Ni mubaya sana. Kifua inaniuma tangu muchana. Niko naogopa pia."

"Tukubebe?"

"Munibebe."

Walimweka kwenye kiti cha ngazi, wawili mbele, wawili nyuma, Bev pembeni na mashine, mimi nyuma na oksijeni na mkoba wake, ambao alinikabidhi akaniambia nisiuache wazi. Kiongozi wa zimamoto, jitu jekundu kama nyanya, alivua kofia yake mlangoni bila kuambiwa. Ngazi tatu zile tulizishuka taratibu, hakuna aliyekimbia. Chini, kina mama wa korali walituona. Hakuna aliyepiga yowe. Walijipanga pande mbili, na tulipopita katikati yao mmoja akamfunika miguu kwa mtandio wake, mwingine akamfunga vizuri kilemba kilichokuwa kimelegea. Nilidhani watamfedhehesha kwa macho. Walimpamba.

Hospitalini walikuwa wanatusubiri mlangoni. Mshipa ulifunguliwa. Daktari alituambia baadaye kwamba ingekuwa kesho baada ya kanisa, kungekuwa na kanisa la namna nyingine.

Bev hakunisema. Hilo ndilo lililoniumiza. Tulipokuwa tunasafisha gari aliniuliza tu, "Kule kwenu, mtu akikuuliza habari, unaruhusiwa kusema ukweli?"

"Mwishoni," nikamwambia. "Ukimaliza zote nyingine."

Akafikiri kidogo. "Basi subiri mwishoni," akasema, akaendelea kupangusa.

Nilifanya hivyo tangu siku ile, na ninyi mlidhani ni uzee. Nilikuwa nasalimia zote, mpaka za mbuzi na shamba, mikono yangu ikiwa kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa, macho yakihesabu kitenge kinavyopanda na kushuka, dakika nzima, si nusu halafu unazidisha kwa mbili. Kisha namuuliza aliyepiga simu, hata akiwa na miaka tisa. Kisha naanza mimi kusema lililo baya: leo mgongo unaniuma, mama, sikulala. Uongo mara nyingine, lakini mlango unafunguka upande wa pili.

Siku ya nne nilikwenda wodini kumwona, jambo ambalo hatutakiwi kulifanya, na nawashauri msilifanye. Alikuwa ameegemea mito, bila kilemba, nywele fupi nyeupe ambazo sikutarajia. Neema alikuwa kitini kando yake.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa."

"Habari ya leo?"

Alijiinua kidogo kwenye mito. "Mubaya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefungua duka. Neema aliinuka akanong'ona kwa Kiingereza kwamba ameshazisikia habari hizo zote tangu asubuhi, akaniachia kiti chake, akatoka. Mama Furaha akaanza kunitajia yanayomuuma, moja baada ya jingine, akianzia miguuni.